Kufuta Alama Katika Kompyuta

Hapa Kilembwe, katika milima ya Fizi, kompyuta moja huwatumikia watu wengi. Mwalimu huleta flashi yake apate kupiga chapa maswali ya mtihani. Baba wa nyumba huandikisha barua ya ugomvi wa shamba. Mgonjwa huomba nakala ya karatasi ya hospitali. Kila mmoja huondoka na karatasi mkononi, akidhani maneno yake yameondoka pamoja naye. Sivyo. Kompyuta haisahau upesi.

Sisi tulio waalimu twaliona jambo hili kila muhula. Tukifungua programu ya kuandikia, orodha ya hati za mwisho yatuonyesha majina ya barua tusizoandikiwa. Hati iliyofutwa haikuangamia, bali imelala katika pipa la taka. Hata pipa likimwagwa, kinachoondoka ni anwani tu. Maneno yenyewe mara nyingi hubaki katika diski mpaka mengine yaandikwe juu yake, na mtu mjuzi aweza kuyafufua. Tena Windows huweka kumbukumbu ya aina na namba ya flashi zilizochomekwa, ingawa zilikwisha kutolewa zamani.

Je, ni neno dogo? Katika nchi iliyoonja vita kama Fizi yetu, jina la shahidi likisomwa na asiyehusika laweza kuleta chuki, hata damu. Kwa hiyo mwenye kuwapigia watu chapa na azifute hati zao kabla wenyewe hawajaondoka, amwage pipa, asafishe na orodha ile. Jioni, katika dirisha la amri, aandike cipher /w:C: nayo Windows itazifunika nafasi tupu za diski mara tatu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2491, yafundisha kwamba siri za kazi ni lazima zitunzwe, isipokuwa pale ambapo kuzitunza kungeleta madhara makubwa mno. Sheria ya nchi yetu pia, ile Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, yalinda habari za mtu.

Lakini, ndugu wasomaji, ufagio huo huo waweza kushikwa na mwivi. Tuseme mtu ameiba maswali ya mtihani kwa flashi, kisha akafuta alama za flashi ile ili mwingine ashutumiwe. Mikono yatenda kazi ile ile, bali mioyo ni mbalimbali. Wa kwanza amefunika siri ya jirani. Wa pili amefunika dhambi yake na kumtwika asiye na kosa. Kumbukumbu ya flashi haina barua ya mtu ndani yake. Na ikae, ipate kumtetea asingiziwaye.

Nanyi wanafunzi, mnaoijua kompyuta upesi kutushinda, jiulizeni kabla ya kufuta: Siri hii ni ya nani? Ikiwa ni ya jirani, futeni vizuri. Ikiwa ni kosa lenu, dawa yake si kufuta, ila kuungama na kurudisha kilichoibwa.