Kijana akitaka gitaa la besi, sikiliza kwanza ndipo uulize bei

Besi ni sauti ambayo wengi huisikia bila kuitambua. Jirani akifungulia muziki wa dansi usiku, maneno ya wimbo hayavuki ukuta na gitaa la solo halivuki, lakini besi inavuka na kugonga kifuani. Ukiiondoa kwenye wimbo, wachezaji wanabaki wamesimama.

Bendi kongwe za Dar es Salaam zinalijua hilo. NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo leo ni Msondo Ngoma, na DDC Mlimani Park 'Sikinde' iliyoanza mwaka 1978, zote ziliwekwa begani kwa mpiga besi. Kwaya, taarabu ya kisasa na bendi za harusi nazo haziendi bila yeye. Kwa hiyo si ajabu mtoto wa Tandika, Mbagala au Mwananyamala akirudi nyumbani siku moja na kusema anataka gitaa la besi.

Kwa baba mmoja wa Mbagala, ombi hilo lilikuja na masharti. Mwanawe wa kidato cha tatu, anayepiga besi ya kuazima kwenye kwaya, hakutaka gitaa lolote tu.

"Baba, mimi nataka lenye pikapu mbili."

Baba akacheka. Yeye hata pikapu moja ya kubebea mzigo hana, mwanawe anataka mbili! Kijana hakucheka.

Utani huo uliwagharimu wiki mbili za kununiana. Baba aliona mtoto anafuata mkumbo, maana mtaa wa pili kulikuwa na gitaa la besi lililotumika, bei maelewano, na kwake gitaa ni gitaa. Kijana naye aliona baba hajui na hataki kujua. Alirudi kutoka mazoezini bila kusimulia chochote, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mama ndiye aliyechoka. "Baba yao, nenda naye ukasikilize. Mkishasikia wote wawili ndiyo mgombane vizuri."

Jumamosi wakapanda daladala mpaka kwa fundi mmoja wa vyombo vya muziki huko Kinondoni. Fundi alianza na hiyo pikapu. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu, nayo hukaa chini ya nyuzi. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa kwenye ule waya, unakwenda kwenye amplifaya na kutoka kama sauti.

Mahali pikapu ilipokaa ndipo penye siri. Ikiwa karibu na shingo, inanasa uzi pale unapotikisika kwa upana, na sauti inakuwa nene na laini. Ikiwa nyuma, karibu na pale nyuzi zinapofungwa, uzi hautikisiki sana na sauti inakuwa kavu na kali.

Kisha akaeleza aina tatu ambazo magitaa mengi ya besi hufuata.

Ya kwanza ni Precision Bass, iliyotolewa na Leo Fender wa Marekani mwaka 1951. Kabla yake wapiga besi wengi walibeba besi ya kusimama inayomzidi mtu urefu. Tangu mwaka 1957, gitaa hilo lina pikapu moja iliyogawanywa vipande viwili, katikati ya mwili. Sauti yake ni nzito na imenyooka, na vile vipande viwili hufutiana mvumo wa umeme.

Ya pili ni Jazz Bass ya mwaka 1960. Hii ndiyo yenye pikapu mbili, na mpigaji anazichanganya kwa kuzungusha nobu. Shingo yake ni nyembamba kule juu, na sauti iko wazi zaidi, kila kidole kinasikika. Kasoro ni kwamba ukifungua pikapu moja peke yake huwa inavuma, hasa karibu na taa za tyubu.

Ya tatu ni StingRay ya kampuni ya Music Man, ya mwaka 1976. Ina pikapu moja kubwa upande wa nyuma na kifaa cha ndani cha kuongeza nguvu kinachotumia betri. Sauti yake ina makali, lakini betri ikiisha katikati ya shughuli, sauti nayo inakwisha.

Yamaha, Ibanez na Squier, ambayo ni chapa ya bei nafuu ya Fender wenyewe, nazo zina magitaa yenye mipangilio ya namna hiyo. Kwa hiyo mzazi asitishwe na jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa. Ahesabu pikapu na aangalie zimekaa wapi.

Fundi alichukua magitaa mawili, la aina ya kwanza na la aina ya pili. Akapiga kipande kilekile kwenye amplifaya ileile, sauti ikiwa kiwango kilekile. Baba aliambiwa ageukie mlangoni. Mara ya kwanza hakusikia tofauti yoyote, na alisema hivyo. Mara ya pili akanyamaza. Mara ya tatu akasema, "Hili la kwanza linasukuma. Hili la pili linaongea."

Kijana alimwangalia baba yake kama mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini.

Hapo fundi akauliza swali ambalo nyumbani halikuulizwa: gitaa litapigwa wapi? Kijana alijibu kwamba ni kwenye kwaya yenye vinanda viwili, ngoma na waimbaji wengi, na amplifaya moja ya zamani. Fundi alimshauri kwamba katika kelele hiyo, ile sauti ya kusukuma itasikika vizuri kuliko ile ya kuongea. Na lile gitaa la mtaa wa pili, walipolieleza, lilikuwa la aina ya kwanza.

Walilinunua, baada ya fundi kulikagua na kuona shingo haijapinda. Fedha iliyobaki ilinunua nyuzi mpya na amplifaya ndogo ya mazoezi. Kijana hakufurahi moja kwa moja. Bado anataka lenye pikapu mbili, na baba hajaahidi. Amesema watalizungumza baada ya mtihani wa kidato cha nne. Lakini habari za mazoezini zimerudi mezani.

Kwa mzazi anayefikiria safari kama hiyo, yapo mambo machache ya kuzingatia. Mtoto mdogo anafaa gitaa fupi, lenye nyuzi za urefu wa sentimita 76 hivi badala ya 86 za kawaida, la sivyo vidole havitafika. Asichomeke gitaa kwenye sabufa ya sebuleni, kwa sababu mpigo wa besi unaweza kupasua spika zake. Amplifaya ya mtumba isomwe nyuma kabla ya kulipiwa: umeme wetu ni volti 230, wa Marekani ni 120 na wa Japani ni 100. Isipokuwa na transfoma ya kufaa, itaungua. Na kwa kuwa nyumba zetu zimebanana, amplifaya yenye tundu la hedifoni huepusha ugomvi na majirani, mradi mtoto asiifungulie kupita kiasi akaumiza masikio.

Nyuzi pia hubadilisha sauti kwa gharama ndogo kuliko gitaa jipya. Zenye uso wa mikwaruzo hung'aa. Zenye uso laini hutoa sauti nzito ya kizamani. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown huko Detroit, alitumia hizo laini na hakupenda kuzibadilisha.

Kabla ya kutoa hela, mwombe mtoto apige kipande kimoja kwenye magitaa mawili. Ukisikia tofauti, mtajadili bei mkiwa mnazungumzia kitu kimoja. Usipoisikia, mwambie arudie.