Kompyuta ya Gari Lisilo na Kompyuta

Sh469,800. Hiyo ndiyo pesa ambayo gereji moja kubwa ya Nairobi ilitaka ili Land Rover ya babangu irudi Mikinduri ikitembea. Makadirio yalikuja kwa WhatsApp, ukurasa mmoja wenye nembo na muhuri. Hedi mpya, 186,000. Rejeta mpya, 68,000. Seti ya gasketi, 24,500. Mkanda wa taimingi na roli zake, 22,000. Pampu ya maji, 19,000. Kazi ya mafundi, saa 22 kwa Sh3,500 kila saa, 77,000. Uchunguzi wa kompyuta, 8,500. Halafu VAT ya asilimia 16 ikamalizia.

Sitaitaja gereji yenyewe. Najua wasomaji kadhaa watadhani ni ile iliyowashughulikia wao, na hilo lenyewe linasema kitu.

Kama hujawahi kufika kwetu, Mikinduri iko Tigania Mashariki, kwenye miteremko ya milima ya Nyambene, kaunti ya Meru. Udongo ni mwekundu na mvua ikishika, ukishaacha lami, Probox inakaa nyumbani. Ukiteremka kuelekea Thangatha kuna mahali ambapo dereva anashuka kwanza, anaangalia njia kwa miguu, ndipo anarudi kwenye usukani. Kwa hivyo Land Rover kwetu si gari la kupigia picha Naivasha wikendi. Ni jembe. Baba aliinunua mnadani mwaka 2009, Defender 110 yenye injini ya dizeli ya 300Tdi, na tangu hapo imebeba maharagwe, mbaazi, miraa, mabati, akina mama wanaokimbizwa hospitali usiku, na jeneza zaidi ya moja. Uingereza ilipopiga marufuku miraa Juni 2014, na Somalia ilipofunga soko lake kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, miti yetu ilisimama shambani kama mapambo. Gari ndilo lililotulisha. Karo yangu ya chuo ilitoka kwenye hicho chuma.

Sasa, kwa nini gari la Mikinduri lipelekwe Nairobi, zaidi ya kilomita 200, wakati mafundi wako kila kona ya Meru? Swali hilo niliulizwa na kila mtu, kuanzia kakangu. Jibu ni kwamba mafundi wa karibu walikuwa wamejaribu. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilikuta gari linapata moto kupita kiasi. Fundi wa sokoni akabadilisha gasketi ya hedi. Wiki tatu baadaye, moto tena. Akabadilisha tena. Moto tena. Hakuna risiti, hakuna maelezo, ni "Mzee, hizi spea za siku hizi ni feki." Mara ya tatu Baba alikataa. Akasema safari hii gari litaenda kwa wenyewe.

Hapo kuna jambo ambalo mimi mwenyewe sikulielewa haraka. Baba ametengeneza magari chini ya miti maisha yake yote, akiwa amesimama kwenye jua, akishikilia tochi. Alilipakia gari kwenye lori, akavaa koti lake la kanisani, akapanda mbele na dereva. Kule gereji walimkalisha kwenye sofa. Wakamletea chai na gazeti. Msichana wa mapokezi akamwita "sir". Jioni akanipigia simu kwa sauti ambayo sijaisikia miaka mingi. "Mama," akaniambia, kwa maana nimebeba jina la mamake, "hawa watu wanajua kazi." Walipomuuliza kama wafungue injini waangalie, akasema fungueni.

Siku nne baadaye ndipo ile karatasi ikaja. Baba hakulia bei. Alisema atauza ng'ombe wawili na kuchukua mkopo wa sacco kwa kilichobaki. Kwake yeye, karatasi yenye muhuri haibishaniwi, kama vile hubishani na karatasi ya daktari. Mimi niko Nairobi, kwa hivyo kazi yangu ilikuwa moja tu: kwenda kulipa amana.

Nilisoma ile karatasi kwenye matatu nikielekea huko, na nikakwama kwenye mstari wa kompyuta. Nimekulia ndani ya hilo gari. 300Tdi ya kwetu ni injini ya zamani ya kimakanika. Pampu ya dizeli inazungushwa na mkanda, na kinachotegemea umeme ni vitu vichache, kama stata na ile swichi ya kuzima. Hakuna boksi la kompyuta, hakuna mahali pa kuchomeka mashine ya kusoma hitilafu. Nilipofika nilimuuliza kijana wa huduma kwa wateja, kwa upole kabisa:

"Hii kompyuta mliichomeka wapi?"

Akaangalia karatasi. Akaangalia skrini yake. "Hiyo ni standard charge, madam. Kila gari linaloingia."

Hakuwa mtu mbaya, yule kijana. Nadhani hata yeye hakuwa amewahi kuulizwa. Lakini tangu dakika hiyo sikuweza kuusoma mstari mwingine wowote kwa imani. Kama Sh8,500 zinaweza kuandikwa kwa kitu ambacho hakikufanyika na hakiwezi kufanyika, je, Sh186,000?

Nikaomba kuiona hedi. Waliniambia imepasuka. Fundi akanionyesha mstari mwembamba kati ya vali mbili, mstari ambao ungeweza kuwa ufa, au mkwaruzo, au masizi tu. Nikasema naomba kuichukua nikaipime kwingine. Meneja akaitwa. Akanieleza kwamba gereji haitawajibika, kwamba gari likikaa zaidi ya siku saba kuna ada ya maegesho ya Sh1,500 kwa siku, na kwamba "Mzee amesha-approve". Mzee alikuwa ameidhinisha kufungua. Hicho ndicho alichoidhinisha.

Ni vizuri ujue hili kabla ya siku yako kufika: Kenya ina Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, na ndani yake kuna sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Mwenye gereji anatakiwa kukupa makadirio kabla ya kukutoza. Hawezi kukutoza kazi ambayo hukuidhinisha. Bei ya mwisho haifai kupita makadirio kwa zaidi ya asilimia 10. Na vipuri vilivyotolewa kwenye gari lako ni vyako, una haki ya kurudishiwa. Juu ya sheria hiyo kuna Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na anachonunua. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwenye simu nikiwa nje ya geti. Niliyataja bila kupandisha sauti. Nikasaini fomu yao, wakaniletea hedi imefungwa kwenye gunia.

Teksi, gunia, Kirinyaga Road. Wazee wanaiita Grogan mpaka leo, na ukitaka kujua chuma chako kinaumwa nini, huko ndiko. Kwenye wakshopu moja ya mashine waliziba njia za maji za hedi, wakaizamisha kwenye maji ya moto, wakasukuma hewa ndani. Kama kuna ufa, mapovu yanatoka. Tulisimama tukaangalia yale maji pengine dakika kumi. Hakuna povu hata moja. Hedi ilikuwa imepinda kidogo kwa sababu ya kuchemka, basi. Kupima, Sh2,500. Kuinyoosha uso, 5,500.

Niliporudi na majibu, meneja hakukasirika. Alinikalisha kwenye lile sofa akanieleza jambo ambalo ni haki nilieleze pia. Alisema wao hawanyooshi hedi, wanabadilisha. Wakinyoosha na injini ichemke tena, mteja anarudi na wao ndio wanaobeba hasara. Wana kodi ya jengo, wana mafundi waliosomeshwa, wanatoa dhamana ya maandishi. Yote hayo yana bei, na mtu anayetaka uhakika bila kufikiria ana haki ya kuununua. Sina ubishi na hilo. Ubishi wangu ni kwamba hawakumwambia Baba: "Hedi yako inaweza kunyooshwa, lakini sisi tunapendelea kubadilisha, na tofauti ni Sh180,000 hivi." Walimwambia imepasuka. Kati ya hizo sentensi mbili ndimo ng'ombe wawili walikuwa wanapotelea.

Akanipa punguzo la asilimia 15. Nikakataa. Tukakubaliana nilipe saa tano za kufungua injini, 17,500 na VAT yake, jumla 20,300, na ule mstari wa kompyuta ukafutwa kwa kalamu. Gari likapakiwa kwenye lori lingine, vipuri vyake kwenye katoni, hadi Makutano, mjini Meru, kwa Sh30,000.

Kumwambia Baba ndiko kulikuwa kugumu. Nilitarajia afurahi. Alinyamaza kwenye simu hadi nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza, "Kwa hivyo ile chai walikuwa wananipikia nini?" Sikuwa na jibu. Nilielewa kwamba hakuwa ameenda kutafuta hedi tu kule. Alitaka, mara moja katika maisha yake, kuwa mteja ambaye hahitaji kushikilia tochi. Na mimi ndiye niliyemwambia kwamba hata pale, ilifaa aishikilie.

Fundi wa Makutano ni mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika wakshopu ya serikali. Kabla hajagusa hedi aliinama akaangalia nyuma ya pampu ya maji, akatuonyesha alama nyeupe zilizokauka kwenye chuma. Kuna gasketi ndogo pale, ina umbo la herufi P, na wanaozijua 300Tdi wanajua huo ni ugonjwa wake wa kawaida. Inavuja polepole, maji yanapungua bila kuacha dimbwi, injini inachemka, gasketi ya hedi inaungua. Fundi wa soko letu alibadilisha gasketi kubwa mara mbili na kuiacha ile ndogo inayoleta shida. Gereji kubwa ingeibadilisha pengine bila hata kuiona, ndani ya ile seti ya Sh24,500. Hakuna kati yao aliyetuambia gari linaumwa nini.

Hesabu iliyobaki ni hii. Seti ya gasketi 13,500, pampu ya maji 8,000, mkanda 6,500, rejeta kuoshwa na kuchomelewa 4,500, oili na kulanti 7,500, kazi ya fundi 18,000. Ukijumlisha na wakshopu ya Kirinyaga Road, gereji na lori, tulitumia Sh116,300. Robo ya ile ya kwanza. Ng'ombe wako zizini.

Lakini nisikuuzie hadithi kwamba jua kali ni malaika. Mzee wa Makutano naye hakutaka kuandika chochote. "Mimi natumia kichwa, dada." Nikamnunulia daftari la Sh50, nikamwomba aandike kila kipuri na bei yake kabla hajaanza, na atuwekee vya zamani kwenye debe. Alilalamika siku nzima. Aliandika. Maswali niliyomuuliza ni yaleyale niliyouliza Nairobi: Gari linaumwa nini hasa? Umejuaje? Naomba kuona. Fundi anayejua kazi anayajibu. Asiyejua, awe na sofa au awe chini ya mwembe, anakutajia bei.

Ninachowaza sasa ni magari yanayokuja. Defender ya zamani iliacha kuundwa Solihull Januari 2016. Mpya inaundwa Slovakia na imejaa kompyuta za kweli, na mtambo wa kuzisoma hauko Makutano. Marekani, wakulima wamepigania haki ya kutengeneza matrekta yao wenyewe kwa sababu programu ndani yake zilifungwa na watengenezaji. Jimbo la Colorado likapitisha sheria ya kuwapa haki hiyo mwaka 2023. Umoja wa Ulaya ukapitisha ya kwake kuhusu vyombo vya nyumbani na simu mwaka 2024. Sisi tunaonunua magari yao yakiwa na miaka saba mgongoni tutayapokea na kufuli zake. Siku hiyo ule mstari wa uchunguzi wa kompyuta utakuwa wa kweli, na hatutakuwa na wakshopu ya maji ya moto ya kwenda kuuhakikisha.

Kwa sasa 300Tdi yetu inateremka Thangatha na magunia yake. Daftari liko kwenye dashibodi, na Baba ameanza kuwaazima madereva wengine kurasa za kulitolea mfano. Juzi aliniambia anataka lingine, hili limejaa.