Maji Inakuja

Siku moja kabla, tulikuwa tumelivuka korongo lile huku tunaimba. Lilikuwa mchanga mtupu, upana wa hatua 40 hivi, na alama za matairi ya waliotutangulia zilionekana wazi. Baraka aliweka gia nzito, gari likayumba mara mbili, tukatoka ng'ambo. Hakuna aliyelifikiria tena mpaka tuliporudi.

Majina ya marafiki zangu nimeyabadili. Tulikuwa wanne: Baraka, ambaye gari lilikuwa la baba yake, Zawadi, Musa, na mimi, niliyekuwa mwaka wa kwanza wa uzamili, uhandisi wa rasilimali za maji. Ilikuwa Machi 2021. Gari lenyewe ni Land Cruiser ya zamani, zile ambazo watu wanaziita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele. Mzee wake Baraka aliendesha watalii miaka mingi kabla ya kustaafu, na gari hilo ndilo lililobaki mkononi mwake. Alipotuazima hakutoa hotuba. Alilizunguka, akapiga matairi teke, akampa mwanawe ufunguo. "Likikwama usilazimishe," alisema. "Zima, shuka, angalia."

Ukiacha lami pale Mto wa Mbu ukaelekea kaskazini, ukuta wa Bonde la Ufa unakaa mkono wako wa kushoto kama mtu anayekusindikiza. Unapita Selela, unapita Engaruka, halafu barabara inaanza kujikunja vituta vidogo kama bati, meno yanagongana, na kila mtu anaacha kuongea. Tulisimama tukapunguza upepo wa matairi. Vumbi liliingia kwenye mikate.

Engaruka ndiko nilikojipatia cheo. Kuna magofu pale, mifereji na kuta za mawe za watu waliolima kwa kumwagilia kwa mamia ya miaka, kisha wakaondoka kama karne ya 18. Nilisimama juu ya jiwe nikawaeleza wenzangu jinsi watu wale walivyoyachukua maji ya mlimani wakayafikisha mashambani. Niliongea sana, nakiri. Musa akanibatiza Daktari wa Maji, na mimi nikalipenda jina lile kuliko nilivyoonyesha.

Tulilala kwenye hema Engaresero, chini ya Ol Doinyo Lengai. Ni mlima wa ajabu: lava yake ina kaboneti nyingi kiasi kwamba haifiki hata nusu ya joto la lava za kawaida, hutoka nyeusi na baada ya muda hugeuka nyeupe. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayojulikana kutoa lava ya namna hiyo. Asubuhi tulienda kwenye maporomoko, tukaoga, tukapiga picha, tukachelewa. Musa alikuwa na basi la kwenda Dar alfajiri ya siku inayofuata, na tiketi alishakata.

Tulifika kwenye korongo saa tisa alasiri. Mama mmoja wa Kimaasai alikuwa amekaa chini ya mgunga, na punda wanne wamesimama kando yake na madumu mgongoni. Walikuwa wanaelekea upande uleule tunaoelekea sisi. Baraka akapunguza mwendo, akamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Subiri," alisema. "Maji inakuja."

Tuliangalia. Mchanga ulikuwa mkavu vilevile. Juu yetu jua lilikuwa kali mpaka bodi la gari haligusiki. Mama akaelekeza kwa kidevu upande wa magharibi, kwenye milima ya Ngorongoro, ambako wingu jeusi lilikuwa limekaa kileleni, mbali, dogo kama sufuria.

Wakanigeukia mimi. Hicho ndicho ninachokikumbuka zaidi: watu watatu wakimpa mgongo mama aliyeishi pale maisha yake yote, wakinigeukia mimi.

Nilishuka. Niliingia korongoni, nikachimba mchanga kwa mkono, nikakuta unyevunyevu kwa chini, wa kawaida tu. Nikaangalia wingu, nikakisia umbali, nikasema hata kama mvua imeanza sasa hivi tuna zaidi ya saa nzima. "Twende," nilisema. Nilisema kwa sauti ya darasani.

Naomba nieleze ujinga wangu ulikuwa wa aina gani, maana haukuwa wa kutojua. Pendekezo langu la utafiti lilihusu mito ya msimu. Nilikuwa nimeandika kwamba kwenye miteremko mikali yenye udongo mwembamba mvua hainywewi na ardhi. Inateleza, inakusanyika, inashuka kwa pamoja, na inaweza kumkuta mtu akiwa juani kilomita nyingi kutoka iliponyesha. Nilikuwa nimepata alama nzuri kwa maneno hayo. Kitu pekee ambacho sikukijua korongoni ni mvua ilianza saa ngapi, na mtu aliyekijua alikuwa amekaa hatua kumi nyuma yangu. Sikumuuliza.

Tulikwama katikati. Baraka alikwepa tawi la miiba, akatoka kwenye alama za matairi, tairi za nyuma zikazama mpaka ekseli. Akazima, kama alivyoagizwa. Tukashuka na jembe. Tulichimba, tukatandika matawi, tukapunguza upepo zaidi. Labda dakika 20. Nakumbuka Zawadi akicheka kwamba picha hizi ndizo zitakuwa nzuri kuliko za jana.

Wa kwanza kusikia walikuwa punda. Niliinua kichwa kumtafuta mama na nikaona masikio yao yote yamegeukia upande mmoja. Kisha mama akasimama na kupiga kelele kwa Kimaasai, na hakuna aliyehitaji tafsiri. Zawadi alirudi kuchukua begi lenye kompyuta. Musa alimvuta kwa blauzi mpaka ikachanika.

Sikuwa nimewahi kuona maji yakifika. Nilidhani ni ukuta. Hayakuwa ukuta. Ulimi mwembamba wa kahawia ulitangulia, umebeba vijiti, povu na mavi ya mbuzi, ukienda kasi ya mtu anayekimbia. Ungeweza kuuruka. Nyuma yake ukaja wa magotini, na nyuma ya huo ukaja uliotikisa gari. Tulikuwa tumeshapanda ukingo. Mkonga ulibaki juu, hauna kazi, kwa sababu injini ilikuwa imezimwa na maji yaliingilia milangoni.

Jua bado lilikuwa linawaka.

Maji yalipungua karibu saa kumi na mbili jioni. Mama alifunga vizuri madumu yake, akawaongoza punda kuvuka, na alipotupita akasema, "Pole." Neno moja. Baadaye vijana wa boma la jirani walikuja na kamba, na lori moja likatuvuta usiku mpaka Mto wa Mbu. Stata ilikufa, oili ya difu ikawa kama chai ya maziwa, viti vikanuka mwezi mzima. Basi la Musa liliondoka bila Musa.

Arusha, mzee aliuliza swali moja tu. "Nani alisema mpite?"

"Mimi," alisema Baraka.

Nilikuwa nimesimama pale. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kufungua mdomo, na niliangalia viatu vyangu. Gharama tuligawana wanne. Mimi nikatuma zaidi ya fungu langu, na Baraka akanirudishia ziada bila ujumbe wowote. Hatukuwahi kuzungumza. Tuliendelea kucheka kwenye kundi letu la WhatsApp, ila hakuna aliyeniita tena Daktari wa Maji.

Mwezi uliopita nilienda kwao. Nilimkuta mzee uani amefungua milango yote minne ya gari, anasukutua kwa mpira wa maji. Nikamsalimia, nikamwambia hapo hapo, kabla sijaketi, kwamba aliyesema twende nilikuwa mimi, na kwamba kulikuwa na mtu aliyetukataza. Hakugeuka.

"Nani?"

"Mama mmoja, alikuwa na punda."

"Wamebeba?"

"Madumu."

"Yana maji?"

Nilifikiri. Sikuwa nimewahi kujiuliza. "Ndiyo. Yalikuwa yamejaa."

Alifunga bomba. Alinyamaza kitambo, akipapasa ndani ya mlango kwa vidole, kisha akautoa mkono akanionyesha: mchanga mweusi kidogo, wa kujaza kijiko.

"Bado unatoka," alisema, akanipa mpira nishike.