Lenzi ya Fundi Saa



Sisi ni akina mama saba wa Muleba, nasi tunalima kwa pamoja shamba dogo la kahawa ya robusta. Fedha yake ndiyo hununua sare na madaftari ya watoto. Basi matawi yalipoanza kukauka, tulishtuka sana. Majani yalinyauka yangali yameshikamana na tawi, yakawa kama yaliyopitiwa na moto, na tawi la pili yake likabaki bichi kabisa. Tulitafuta sababu, na tuseme kweli, tuliipata upesi mno: mama mjane tunayepakana naye. Alikuwa amejitoa kikundini baada ya ugomvi wa fedha za upatu, na mmoja wetu alimwona jioni moja akipita mpakani na ndoo. Hakuna aliyetamka neno sumu. Tuliacha tu kupita kwake.

Bibi shamba wetu ana vijiji vingi na pikipiki moja. Tulipompigia simu alisema, "Chunguzeni upande wa chini wa tawi, mpige picha ya karibu mnitumie." Kweli, tuliona kitone cheusi, kidogo kuliko kichwa cha pini. Lakini kadiri tulivyosogeza simu, ndivyo picha ilivyoharibika. Akajibu, "Ndugu zangu, naona ukungu mtupu."

Simu nyingi za kawaida haziwezi kuona vizuri kitu kilicho karibu kuliko upana wa kiganja. Ukiikuza picha kwa vidole unakuza ukungu ule ule. Dawa yake ni kuweka lenzi nyingine mbele ya ile ya simu, na hiyo si lazima iwe ya dukani.

Kijana wetu mmoja wa sekondari alituonyesha ya bure: tone la maji. Unalichukua kwa ncha ya unyasi, unaliweka juu ya lenzi ya simu, kisha unaigeuza simu polepole ili tone lining'inie. Tone huwa la mviringo, na kioo cha mviringo hukuza. Katika karne ya 17 huko Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft, alitengeneza vilenzi vidogo sana kwa mikono yake, na mwaka 1674 akaona viumbe hai ndani ya maji ya ziwa ambavyo macho matupu hayavioni. Hakuwa na shahada yoyote. Sisi tone letu lilituonyesha vinyweleo vya jani, tukapiga kelele kama watoto. Kisha likaingia ndani ya simu ya mwenzetu, ikanyamaza siku mbili. Kama kioo cha simu yako kina ufa, usijaribu.

Tukajaribu miwani ya kusomea ya bibi mmoja. Kwa ua au senene inafaa kiasi. Kwa tundu la kahawa haikutosha.

Mwenzetu mmoja alipokwenda Bukoba mjini kwa shughuli zake, alimwona fundi saa akifanya kazi na kile kilenzi chake cha jichoni. Akaomba akiweke mbele ya simu, akapiga picha ya gurudumu la ndani ya saa. Meno yote yalionekana! Fundi alikuwa na kingine cha zamani kilichovunjika ukingo, akamwachia kwa bei ya kilo mbili za sukari. Tulikifunga kwenye simu kwa mpira wa kubania nywele, tukihakikisha kimekaa katikati kabisa ya lenzi.

Kazi haikuishia hapo. Kwa karibu hivyo, hata mapigo ya moyo huitikisa picha. Tulikata tawi, tukaliweka juu ya sahani nyeupe mlangoni penye mwanga wa asubuhi, viwiko vikaegemea kigoda. Usihangaike na kugusa kioo cha simu. Sogeza simu yenyewe mbele na nyuma taratibu mpaka kitu kionekane wazi, kisha zuia pumzi. Piga nyingi. Sisi tulipiga zaidi ya 30, zikafaa tatu. Mdudu aliye hai mpige alfajiri kungali na baridi, maana hajachangamka.

Picha ya tatu ilionyesha tundu la mviringo safi kama limetobolewa na keekee, na unga mweupe ukingoni. Tulipopasua tawi tukamkuta mwenyewe, mdudu mweusi asiyefika hata milimita 2, pamoja na watoto wake. Bibi shamba alimtambua mara moja: mdudu atoboaye matawi ya kahawa. Jike huingia ndani na kuotesha ukungu wa kulisha watoto wake, na kwa kuwa amejificha humo, dawa ya kunyunyizia humpata kwa shida. Alituagiza tukate kila tawi lililoathirika, chini ya tundu, na kuyachoma moto siku hiyo hiyo. Tusiyaache shambani hata usiku mmoja.

Tulichoma. Kisha tukabaki tumekaa, hakuna aliyetaka kuanza. Mwishowe tulikwenda wote saba kwa yule mama. Tulimwambia tulichomwazia, pamoja na ile ndoo. Alitutazama muda mrefu. "Ndoo ilikuwa ya maji ya ndama," akasema. Akatupeleka nyuma ya nyumba. Kahawa yake ilikuwa imekauka kuliko yetu, naye hakuwa na mtu wa kumuuliza, maana tulikuwa tumeacha kupita.

Tukapiga picha ya tawi lake. Kidole gumba chake kimeingia pembeni, lakini tundu linaonekana vizuri. Jioni ile tulikata naye matawi mpaka giza likaingia.

Kikundini hajarudi, nasi hatumlazimishi. Ila lenzi huja kuiazima, na akiichukua hairudishi kabla ya siku ya tatu.