Siku mbili katika mashua ya tanga, kutoka Moba mpaka Kalemie

Wamama wenzangu, mwezi wa nane nilikwenda Moba kwa kilio cha mama mkwe wangu. Wakati wa kurudi, boti kubwa tuliyokuwa tunaingoja ilikosa esansi. Masomo yanafunguliwa mwanzoni mwa mwezi wa tisa, na mimi nilitakiwa kuwa Kalemie mapema kwa kuandikisha watoto. Shemeji yangu akanitafutia nafasi katika mashua ya familia moja: baba, mama na watoto watatu, wenye kuishi ndani yake karibu mwaka mzima wakibeba mahindi, unga wa muhogo na ndagala. Nilikuwa na kijana wangu wa miaka 6. Niliuliza swali moja tu: «Jile ziko?» Ziko. Tukapanda.

Sijui kuogelea. Ninaandika hivyo bila haya, nafikiri wengi wetu ni vile, ingawa tumezaliwa kando ya maji. Ziwa letu la Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, na mahali penye kina zaidi linafika metre 1.470. Hayo ninayafundisha kila mwaka ubaoni. Kuyafundisha na kukaa juu yake ni mambo mawili.

Mashua ile ni ya mbao, urefu kama hatua 14. Tanga lake limeshonwa kwa vipande vya shitingi. Motere ndogo iko nyuma, lakini baba anaiwasha tu kwa kuingia bandarini, juu ya bei ya esansi. Wakati wa kiangazi upepo wa kusi unatoka upande wa Zambia na kusukuma kuelekea kaskazini, basi kwenda Kalemie ni bure. Kurudi Moba ndiyo kazi: wanangoja upepo wa usiku unaoshuka kutoka milimani, wanapiga kasia, na safari ya siku mbili inaweza kula juma zima.

Nyumba yao iko nyuma, chini ya turubai: mikeka, sanduku la nguo, masufuria ndani ya beseni. Mbabula imewekwa juu ya mchanga ndani ya nusu ya pipa, hivi hata makaa yakianguka hayafiki kwenye mbao. Mama yule hachoti maji ya kunywa bandarini wala karibu na kijiji. Anachota katikati, mbali na ufuko, na bado anayachemsha. Nilipomwambia kwamba sisi wa Kalemie, mwenye tunajua kolera kila mwaka, kuna wenye kuchota palepale wanapofulia, alinitazama bila kusema kitu.

Mtoto wake wa mwisho, wa miaka miwili, alikuwa amefungwa kamba kiunoni. Nilishtuka kidogo. Mama akanionyesha fundo: ukivuta ncha moja linafunguka mara moja. Kamba ni ya wakati wa maji matulivu, mama akipika. Upepo ukizidi, kamba inatolewa na jile inavaliwa, kwa sababu mashua ikipinduka kamba itamzamisha mtoto pamoja nayo. Nilikuwa nimefikiri ni uvivu wa kuchunga. Haikuwa hivyo.

Jioni tulilala Mpala. Ni mahali pa zamani, Storms alijenga kituo pale mwaka 1883, na Mapadri Weupe wakakipokea mwaka 1885. Lakini sikwenda kuangalia chochote, nilikuwa na shughuli nyingine. Nilikaa na binti yao wa miaka 10 na kaka yake wa miaka 7, tukila bukari na mikebuka. Mwalimu hawezi kuacha kuuliza. Nikamwuliza binti: beseni 7 za ndagala, kila moja franka 8.000, ni ngapi? Hakungoja nimalize. «Elfu hamsini na sita, Madamu, lakini ukinunua zote wanapunguza.» Katika darasa langu la nne ni wachache wenye kujibu hivyo. Anajua kupima kina kwa kamba yenye mafundo, anajua kuongea na watu wa Kigoma na watu wa Bujumbura. Nikamwomba asome maneno yaliyopakwa kwenye ubavu wa mashua, yale anayolala kando yake tangu kuzaliwa. Akatazama chini. Hajui.

Mama yake alisikia. Akasema polepole: «Madamu, nilimpeleka masomo mara mbili. Tulisafiri, tukarudi, wenzake walikuwa mbele. Mara ya pili akasema hatakaa na watoto wadogo.» Nilikuwa nimeandaa maneno ya lawama tangu Moba, ninakiri. Yaliishia mdomoni.

Tuliondoka Mpala usiku wa manane. Asubuhi, karibu na rasi ya Tembwe, kusi ikapanda. Mawimbi yakawa ya kijivu, tanga likalia, na mizigo ikaanza kusogea. Mama akafungua ile kamba, akamvika mdogo jile, akamvika na mwanangu. Baba akapunguza tanga. Mimi nikashika mlingoti kwa mikono miwili. «Madamu, usishike hapo, kaa chini katikati,» binti aliniambia, kama mimi ndiye mwanafunzi. Nikakaa. Yeye akaendelea kutoa maji kwa bido lililokatwa, mdogo wake kati ya magoti yake, na hakuacha hata mara moja mpaka tukajificha nyuma ya rasi. Tulingoja pale saa tatu nzima. Mwanangu alisinzia. Mimi nilihesabu mawimbi.

Tulifika Kalemie usiku. Kesho yake nilirudi bandarini kumwambia mama jambo ambalo yeye hakulijua, na labda na wengi kati yenu hamlijui. Kwa mtoto aliyepita umri, kuna sentre ya ratrapaji, CRS, ambako miaka sita ya primeri inafanywa kwa miaka mitatu. Mtoto wa miaka 10 hakai na wa miaka 6, anakaa na wenye umri wake. Kijana wa miaka 7 hana shida, anaingia mwaka wa kwanza. Nyanya yao anakaa hapa mjini na amekubali kuwapokea wote wawili.

Baba alikubali upesi. Mama alinyamaza. Mwishowe akaniuliza: «Na nani atamshika mdogo wakati wa upepo?» Sikuwa na jibu. Mimi nimeona kwa macho nani alikuwa anamshika. Ukimtoa binti ndani ya mashua, unatoa mikono miwili, na mama anabaki na tanga, mbabula na mtoto. Nyanya ana miguu mibaya, hawezi kukimbilia mtoto wa miaka miwili.

Binti alianza masomo siku ya kwanza. Siku ya tatu alikuwa ameandika jina lake, na lile la mashua. Kaka yake analia asubuhi, itapita. Mashua iliondoka Jumatano na mdogo ndani, kamba kiunoni, mama akiwa peke yake naye.

Wanarudi karibu na tarehe 20. Kundi letu la karibu na bandari limezungumza. Wamama wawili wamekubali kumweka mdogo kwao safari kwa safari, mmoja juma la kwanza, mwingine la pili. Safari ikiongezeka kwa upepo wa kurudi, tunahitaji wa tatu. Awe na nyumba isiyokuwa kandokando ya maji, maana mtoto huyu akiona ziwa anakwenda. Chakula chake mama yake ataacha, unga na ndagala. Mwenye nafasi anikute Jumamosi baada ya mkutano, au aache ujumbe kwa mama katibu.