Gogo la Jiwe

Kwetu Kisiwa Panza ukitembea pekupeku utajikata. Ardhi yenyewe ni matumbawe ya kale, yaliyokuwa hai chini ya maji. Basi nilidhani mawe nayajua, mpaka nilipofika Sibiloi, hifadhi iliyoanzishwa 1973 kando ya Ziwa Turkana, Kenya.

Jangwa, msomaji mwenzangu! Upepo wa moto, na magogo yamelala mchangani kama yamekatwa jana. Nikashika moja. Jiwe tupu! Madini ya majini yaliupenya mti kidogo kidogo, yakashika nafasi yake, na baada ya mamilioni ya miaka nyuzi za mbao bado waziona. Humo humo, Koobi Fora, Bernard Ngeneo aliokota fuvu namba 1470 mwaka 1972.

Nikatia kipande mfukoni, cha kumwonyesha babu, fundi wa mitumbwi. Askari wa hifadhi akaninyooshea mkono, kimya. Nikakirudisha. Aibu niliyoipata!

Nyumbani nikasimulia kwa mdomo tu.

"Msitu mzima? Maji yake yalikwenda wapi?"

"Mvua zilipungua, babu."

Akautazama mnazi wetu wa pwani, mizizi nje, bahari imeshauchimba.

"Na hata kipande hukuniletea?"