Keki Isiyo Mayai



Mama zangu na dada zangu, leo sitowaidhi. Leo nakiri kosa langu mbele yenu, kwani mwenye kuwausia watu naye huhitaji kuusiwa.

Miaka kadhaa iliyopita, Idd ilitukuta mikono mitupu. Ujira wangu wa kusomesha ulichelewa, na nyumbani hamkuwa na mayai wala siagi. Binti yetu wa pili akafungua kijitabu kikuukuu cha mapishi ya Kiingereza nilichokinunua pamoja na vitabu vingine vya mitumba, akapata humo keki ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Akaipika kwa siki, beking soda na karoti iliyokunwa, akaipalia makaa juu na chini.

Wageni walipobisha hodi, niliifunika keki ile kwa kawa, nikaisukuma pembeni jikoni. Kisha nikamtuma kijana dukani alete keki nyingine, kwa deni. Binti yangu hakusema neno. Aliwaandalia wageni kahawa, akarudi ndani.

Usiku ule, usingizi uliponikimbia, nilikisoma kijitabu kile. Uingereza ilianza kugawa chakula kwa vipimo mwezi wa Januari 1940. Mtu mzima alipata kiasi cha yai 1 kwa wiki, na siagi mara nyingi gramu 57 tu. Baadaye likaja yai la unga kutoka Marekani, kopo lake likihesabiwa sawa na mayai 12. Wanawake walikuna karoti kuongeza utamu, na badala ya lozi walikanda unga wa soya wakautia harufu ya lozi. Mwaka huohuo wa 1940 serikali ilikataza keki kupambwa kwa sukari. Maarusi wakawa hukodi kifuniko cha karatasi ngumu mfano wa keki kubwa, na chini yake hukaa keki ndogo ya kweli. Vipimo hivyo havikwisha kabisa hadi Julai 1954, miaka 9 baada ya vita.

Hapo ndipo nilipojiona. Wale nao walifunika, lakini kila mgeni alijua kilichomo chini, wala hapakuwa na aibu. Mimi nilifunika ili wageni wasijue. Mimi niliyekuwa nikikataza watu fahari na madeni ya sikukuu!

Asubuhi nilimwomba binti yangu radhi. Akanijibu kwa adabu, "Baba, hata hukuionja." Tukaifunua, tukala pamoja na mama yake. Ilikuwa nzito kidogo, lakini laini, na iliki yake ikinukia vyema. Deni la ile ya dukani nililimaliza baada ya miezi miwili.

Kwa anayetaka kuijaribu, kipimo chake ni hiki: unga wa ngano vikombe 1½, sukari robo tatu ya kikombe, beking soda kijiko 1 cha chai, chumvi kidogo, iliki, na karoti 1 iliyokunwa. Changanya, kisha tia mafuta ya mboga vijiko 5 vya mezani, siki kijiko 1 cha mezani, na maji kikombe 1 kisichojaa. Siki ikikutana na soda hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo iinuayo keki badala ya mayai. Kwa hiyo usikawie. Koroga upesi, utie motoni hapo hapo.

Ila si kila badala ni ya kuigwa. Waingereza walitumia pia mafuta ya nguruwe, ambayo kwetu ni haramu, na wengine walitia parafini ya maji, ile dawa ya kulainisha tumbo. Hayo tuyaache.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Tangu mwaka ule, kila Idd keki ya binti yangu hutangulia mezani. Mgeni akiuliza ina mayai mangapi, mimi ndiye nijibuye: haina hata moja.

Wabillahi tawfiq.